Kumpangusa Mwimbaji Jasho

Mdogo wangu aliniambia niwahi kwa sababu tamasha lingeanza saa nane mchana. Asiyeijua Goma atacheka: muziki wa kuota ndoto saa nane, jua likiwa kichwani, kama kikao cha wazazi shuleni. Lakini miaka ile kila kitu chenye raha kilifanywa mchana. Usiku ulikuwa wa wenye bunduki, na kila mwenye akili alitaka mlango wake uwe umefungwa kabla giza halijaingia. Basi vijana wakatundika vitambaa vyeusi kwenye madirisha ya ukumbi, wakawasha jenereta, wakatutengenezea usiku wetu wenyewe usio na risasi.

Nilikwenda. Sikuwa na hamu wala sikuwa na hasira. Nilifunika meza yangu sokoni, nikavaa kitenge cha kanisani, nikapanda pikipiki. Njiani dereva akaniuliza kama naenda harusini. Nikamwambia hapana, naenda kwenye muziki ambao watu wanausikiliza wamekaa kimya.

"Hiyo njo misa, mama," akasema.

Kazi yangu ilikuwa samaki. Mama aliniachia meza yake ya samaki wakavu kutoka kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi, na pamoja na meza aliniachia wateja wake na ulimi wake. Tangu waasi walipokaa Rutshuru na Rumangabo, samaki walikuwa wanapita vizuizi vingi kuliko vituo vya njia ya msalaba, na walipofika Goma walikuwa wamechoka kuliko mimi. Wateja walilalamika kwamba wamekuwa wembamba. Niliwaambia hata mimi nimekuwa mwembamba, mbona hawalalamiki.

Mama hakufa kwa moto wa mlima. Nalisema hili kwa sababu watu wa mbali wakisikia mtu wa Goma amefiwa, wanadhani ama ni volkano ama ni vita, kama vile sisi hatuna ruhusa ya kufa kwa kitu kingine. Moto ulipita juu ya nyumba yetu kule Buhene sisi tukiwa tumekwisha kutoka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, tukaambiwa mji uhame, tukatembea na umati mpaka Sake. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ilibaki kwenye friji ya jirani. Alilala chini kwenye darasa la shule, katikati ya watu tusiowajua, na asubuhi moja hakuamka. Tulimzika hukohuko. Baba tulikuwa tumemzika zamani, mdogo wangu akiwa bado mgongoni. Mjomba wetu aliyesimamia mazishi alimshika mdogo wangu mkono mbele ya watu wote, akauleta mkono ule kwangu.

"Huyu ulikuwa unamuita yaya, dada yako mukubwa," akamwambia. "Kuanzia leo njo mama yako."

Sikulia. Watu walisema nina moyo wa jiwe, na katika mji uliojengwa wote juu ya mawe ya volkano, hilo si tusi kubwa. Mimi mwenyewe nilikingoja kilio, hakikuja, nikaacha kukingoja. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi. Siku moja niliegemeza mkono kwenye mbabula yenye makaa, na nilijua naungua kwa sababu ya harufu, si kwa sababu ya maumivu. Waasi walipokaribia na mizinga ikasikika kutoka upande wa Kibumba, majirani walifunga mizigo. Mimi niliendelea kuchambua mchele. Mdogo wangu akanitazama, akafungua mzigo wake, akaja kuchambua pamoja nami. Alidhani ule ni ushujaa.

Yeye huzuni yake ilipata mlango wa kutokea. Aliimba. Alikuwa na wenzake watatu: wa gitaa, wa gitaa la besi, na wa kinanda, na walikuwa wanafanya mazoezi katika chumba kilichokuwa ghala la sabuni. Muziki wao haukuwa ule tuliokulia. Haukuwa na mtu wa kupiga kelele majina ya matajiri. Ulikuwa wa taratibu, wa sauti ndogo, unakuja na kwenda kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Mara ya kwanza aliponisikilizisha kwenye simu, nilimwuliza wimbo utaanza saa ngapi. Akaniambia unakaribia kwisha.

Basi mtu mmoja mwenye studio huko Nairobi aliwasikia, akawaita. Waende wakae huko, wafanye kazi yao mahali ambapo umeme haukatiki na mpiga besi haitwi barabarani kila siku kuonyesha kitambulisho. Wenzake wote wakaruhusiwa na wazazi wao. Yeye mzazi wake nilikuwa mimi.

Aliniuliza nikiwa nageuza samaki juani, nikageuza mwingine. Aliniuliza tena Jumapili tukitoka misa, nikamwambia ainue kitenge chake, kinaburuta. Wala sikuwa nimemkatalia. Ningekuwa na hapana, ningempa, na ningempa kwa sauti. Tatizo ni kwamba sikuwa nayo, wala ndiyo sikuwa nayo. Nilitafuta ndani yangu nikakuta patupu. Na kwetu mtoto haondoki hivihivi. Asiyeachiliwa na mkubwa wake, hata akifika salama, inasemekana mguu wake mmoja umebaki nyuma, na kila anachokishika huko kitamponyoka. Mdogo wangu aliyaamini hayo. Alikuwa msichana wa simu na nywele za rangi, lakini hayo aliyaamini kuliko mimi.

Siku chache kabla ya tamasha alikuja akaketi kwenye kigoda mbele yangu. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuongea na nafsi yake.

"Yaya, siko nakulazimisha," akasema. "Utakuya kwenye tamasha. Nikiwa naimba, kama unasimama unakuya kunipangusa, nitajua umeniachilia. Kama hausimami, nitabaki, na sitakuuliza tena. Na sitanuna."

"Watu wanatoka jasho kwenye muziki wenu ule?" nikamwuliza.

"Yaya!"

"Nimesikia," nikasema.

Jambo lenyewe si geni kwa mtu wa kwetu. Mtu akisimama mbele ya watu, iwe ni kuimba kwaya, kuolewa au kumaliza shule, ndugu zake hawakai vitini. Wanainuka. Wanamtandikia vitenge akanyage, wanampepea, na zaidi ya yote wanampangusa uso, hata kama uso ni mkavu kama sahani ya kabatini. Kitambaa kile ni tangazo. Kinawaambia waliopo: huyu mnayemtazama hakuokotwa, ana kwao. Nimewahi kuona bwana harusi ambaye hakuna aliyeinuka kumpangusa. Alikuwa anaangalia mlangoni mpaka sherehe ikaisha, na mpaka leo sikumbuki sura ya bibi harusi, nakumbuka yake.

Ukumbini walikuwa wamejaa vijana, wengi wameketi sakafuni, magoti yamekunjwa. Wazungu wachache wa mashirika walikuwa wamesimama nyuma na chupa zao za maji. Sisi jamaa za wanamuziki tulipewa viti pembeni, karibu na jukwaa. Kiti kilichofuata changu kilikuwa na bikizee mmoja, bibi yake mpiga gitaa, aliyekimbia kutoka Rutshuru na sasa analala chumba kimoja na wajukuu zake. Aliniamkia kabla sijamwamkia, nikaona haya. Alikuwa na kitenge cha pili begani, kimekunjwa vizuri, na nilijua ni cha kazi gani.

Taa zikawa za zambarau. Kisha mashine fulani ikaanza kutoa moshi mweupe jukwaani, na nikasikia viti vikilia. Watu wa Goma na moshi! Mama mmoja mbele yetu alikwisha kufunika pua kwa khanga na kumshika mwanawe mkono, tayari kwa safari ya Sake. Mpiga kinanda ikabidi aseme kwenye kipaza sauti kwamba ni maji tu, hauna sumu, tukae. Tukakaa.

Wakaanza. Gitaa lilidondoka polepole, kinanda kikavuta sauti moja mpaka nikasahau ilianza lini, na mdogo wangu akaingia juu yake kwa sauti nyembamba, macho yamefungwa, mikono miwili imeshika kipaza sauti kama kikombe cha chai ya moto. Aliimba kuhusu barabara baada ya mvua. Aliimba kuhusu kumpigia simu mtu ambaye laini yake haipatikani. Vijana wakawa wanayumba kidogo wakiwa wamekaa, na wengine walifumba macho. Mimi nilingoja sebene. Nyimbo zetu zote, hata za huzuni, kuna mahali gitaa linachangamka na mtu anasimama kucheza. Nilingoja wimbo wa kwanza, nikangoja wa pili. Sebene haikuja, nikaelewa kwamba haitakuja, na kwamba hawa watoto wameamua hivyo kwa makusudi.

Nilitaka muziki ule unifikie. Nasema kweli. Nilikaa pale nikijichunguza kama mtu anayebonyeza jino la zamani kuona kama bado linauma. Msichana aliyekuwa karibu na mguu wangu alikuwa analia kimya, machozi yanashuka mpaka shingoni, na nikamwonea wivu kama unavyomwonea wivu mtu anayekula. Wimbo uliisha, mwingine ukaanza. Mimi nilisikia sauti ya ndugu yangu, nikajua ni nzuri, basi.

Katika wimbo wa tatu mpiga besi akaongeza sauti ya gitaa lake, na sakafu ikatetemeka.

Ukumbi mzima ulisimama. Sisemi baadhi. Vijana wote wale waliokuwa wanaota ndoto walikuwa wima kwa pumzi moja, na wa karibu na mlango walikuwa wameshafika nje. Baada ya ile wiki ya matetemeko, miguu yetu ina masikio. Wazungu tu walibaki wametulia, wanauliza kuna nini. Mpiga besi akainua mikono yake juu kama mtu aliyekamatwa, na sakafu ikatulia. Hapo kicheko kikalipuka, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, waliotoka wakarudi wakitaniwa. Hata mdogo wangu alicheka kwenye kipaza sauti.

Bikizee aliketi tena akihema. Akaniangalia.

"Weye haukusimama, mutoto wangu. Hauogopi?"

"Sijui, mama," nikamjibu. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyokuwa nimetoa mwaka ule.

Muziki ukaendelea, na ndipo jamaa za wanamuziki walipoanza kuinuka. Nadhani kile kicheko kiliwafungua. Mama yake mpiga kinanda aliinuka na taulo nyeupe, akapanda jukwaani katikati ya wimbo, akamsugua mwanawe uso kama anayetaka kumpeleka kanisani. Vijana walicheka, kisha wakapiga makofi. Baba yake mpiga besi akafuata, amevaa suti, akampangusa mwanawe paji la uso kwa leso na kurudi akiwa amenyoosha kifua. Bikizee wangu naye akaenda, akijikongoja, akampangusa mpiga gitaa, akampepea kidogo kwa upindo wa kitenge, akarudi anang'aa. Muziki wa ndoto ukawa umeingiliwa na Goma, na kwa kweli haukuharibika.

Alibaki wa katikati. Mwimbaji mwenyewe.

Mwisho wa wimbo alifungua macho, akatazama upande wetu. Taa zilikuwa zinampiga usoni lakini aliniona, najua aliniona. Hakunikonyeza wala hakuniita. Alinitazama kama unavyotazama saa ya ukutani, akafumba tena macho, akaanza wimbo wa mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa. Mikono yangu ilikuwa mapajani, mizito. Nilijiambia, simama. Nikajiambia, kaa. Hakuna kati ya hayo mawili lililonisukuma. Nilikuwa nawaza kwamba akibaki nitaendelea kupika chakula cha watu wawili, na akienda nitapika cha mtu mmoja, na vyote viwili vinapikika.

Bikizee akanigusa kiwiko.

"Na huyu wa katikati ni wa nani? Mutoto anaimba muzuri hivi, hana batu, hana kwao?"

Sikumjibu. Akaniangalia akidhani sikusikia kwa sababu ya muziki, akageuka kuangalia viti vingine, mmoja mmoja, kama anayetafuta mwenye mbuzi aliyepotea. Hakuna aliyeinuka. Akatikisa kichwa.

"Asiye na mtu wake ana Mungu," akasema. "Lakini Mungu hatashuka na kitenge."

Akajishika magoti, akainuka tena.

Nilimwona anapanda. Niliona anapita mbele ya mjukuu wake, anamfikia mdogo wangu, anainua upindo wa kitenge. Mdogo wangu hakufungua macho. Kitambaa kilipomgusa shavu, alitabasamu katikati ya neno aliloliimba, na akainua kidevu. Alikiinua kama alivyokuwa akikiinua utotoni Mama akimnawisha uso asubuhi, ili shingo ipatikane. Alimwinulia kidevu mwanamke asiyemjua, akidhani ni mimi.

Hapo nikachukia. Nilikasirika jinsi ambavyo sikuwa nimekasirika kwa moto, wala kwa waasi, wala kwa friji ya jirani. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua. Niliwaruka vijana sakafuni, nikakanyaga mkono wa mtu, sikuomba radhi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na yule bikizee hakuzaa pale. Nilipanda jukwaani nikivua kilemba changu kwa sababu sikuwa nimekuja na kitambaa chochote.

"Mama, achia," nikamwambia. "Nitamupangusa mimi."

Akasogea. Nikaweka kilemba kwenye uso wa mdogo wangu, nikapangusa paji, mashavu, pembe za pua, nyuma ya masikio, shingo yote. Hakukuwa na jasho hata tone. Goma ni baridi na muziki ule hautoi jasho. Nilipangusa uso mkavu, kwa nguvu, mbele ya umati, na nilitaka kila aliyemo mle aone kwamba ana mtu.

Alifungua macho. Akaniona mimi, akamwona bikizee pembeni yangu, akaniona mimi tena. Akaacha kuimba. Wenzake waliendelea kupiga, wakizunguka palepale, wakimngojea. Akapiga magoti mbele yangu na kipaza sauti mkononi, na ukumbi wote ukasikia alichoniambia.

"Aksanti, yaya."

Watu wakapiga makofi, na mimi ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilikuwa nimekuja kumdai. Nilikuwa nimepanda kusema huyu ni wangu, mtu asimguse, na yeye amesikia: nenda. Nilitaka kumwambia angoje, nilisimama kwa sababu nyingine. Lakini alikuwa amepiga magoti, uso wake umenielekea, na mwanga wa zambarau ulikuwa umemwagika juu yake, na sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile tangu Sake. Nikamwekea mkono kichwani, kama inavyotakiwa. Akainuka, akamalizia wimbo.

Sikujua nirudi vipi. Bikizee ndiye aliyenishika mkono, akanishusha ngazi, akaniketisha kwenye kiti kama mgonjwa.

"Kumbe ni wako," akasema. "Nilikuuliza, ukanyamaza."

"Ni wangu, mama."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Anaenda," nikamwambia. "Wiki hii wanavuka mpaka. Anaenda, nabaki mwenyewe."

Nilisikia sauti yangu ikikatika kwenye neno la mwisho, nikashangaa, na baada ya hapo sikuweza kuizuia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, katika muziki ule mpole ambao haukuwa na mahali pa kukificha. Vijana waligeuka kunitazama. Jukwaani mdogo wangu aliendelea kuimba. Bikizee hakuniambia ninyamaze. Alikunjua kitenge chake, akatafuta upande ambao haujatumika, akaanza kunipangusa uso.